Meza ya vitabu used pale Posta: nunueni, ila baindi pelekeni kwingine

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi hamfiki chini. Hii meza ya vitabu used ya pale Posta, Dar, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata makusudi kwa ajili ya baindi (kufunga upya jalada na mgongo wa kitabu), nitaeleza huko mbele na hasira zangu zote. Jina silitaji, kwanza hata yeye mwenyewe hana kibao. Ni meza mbili za mbao, turubai la bluu, maboksi ya sabuni yamebebana ukutani, na mzee kwenye kiti cha plastiki anasoma gazeti la jana. Ukitokea mnara wa Askari unatembea kidogo tu, ukiona mtu amechuchumaa katikati ya njia anapekua maboksi na wapita njia wanamruka, umefika.

Mie ni mkutubi, nimesomea Bagamoyo, sa hivi natunza maktaba ya sekondari moja ambayo nusu ya makabati yake hayana vioo. Kwa hiyo niwe mkweli, siendi pale kama mtu anayetafuta kitabu cha kusoma kwenye daladala. Naenda kuviangalia vitabu vyenyewe kama vitu, nani kakichapa, wapi, kwa karatasi gani, kikapita mikono ya nani mpaka kikaangukia kwenye boksi la sabuni. Na msinicheke, hii ni fani ya watu kabisa, vyuo vikubwa wanaifundisha, inaitwa historia ya kitabu. Wafaransa wawili, Febvre na Martin, walitoa kitabu chao mwaka 1958 kuhusu jinsi kitabu cha kupigwa chapa kilivyoingia Ulaya na kuwa biashara, halafu Mmarekani Robert Darnton mwaka 1982 akachora lile duara lake maarufu, kitabu kinatoka kwa mwandishi kwenda kwa mchapishaji, kwa mpiga chapa, kwa msafirishaji, kwa muuzaji, kwa msomaji, na msomaji naye anamrudia mwandishi. Tulisomeshwa hilo duara kwa fotokopi iliyofifia, mifano yote ya Ufaransa, nikajibu mtihani, nikafaulu, nikasahau. Nimekuja kulielewa pale mezani nikiwa nimechuchumaa na magoti yanauma.

Kinachofanya hii meza iwe tofauti na zingine ni kwamba mzee havisafishi vitabu vyake. Naona wengine wanabandua mihuri, wanafuta majina kwa kifutio, wanachana ukurasa wa kwanza kama una mwandiko, eti kitabu kionekane kipya. Yeye anakuachia uchafu wote. Muhuri wa shule upo, jina la mwenyewe lipo, bei ya zamani ipo kwa penseli, kikaratasi cha tarehe za kuazima kimebandikwa nyuma bado. Niliwahi kumuuliza kwanini, akanijibu bila kuinua macho kwenye gazeti, "Mwanangu, nikifuta nitajuaje kimetoka wapi?" Basi. Mwalimu wangu wa Bagamoyo alitumia wiki tatu kutueleza hiyo pointi.

Sasa niwape mifano mjue naongelea nini.

Mfano wa kwanza, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya ile tamthilia ya Shakespeare. Siku moja nilikuta nakala mbili boksi moja, jamaa pembeni yangu akaniambia chukua moja tu dada, ni kitu kile kile. Si kitu kile kile! Ya kwanza ni ya 1963, kwenye jalada imeandikwa Julius Caezar. Ya pili ni ya 1969, imeandikwa Juliasi Kaizari. Zote Oxford, mtafsiri yule yule, na katikati ya hizo mbili kuna miaka sita tu, lakini ni miaka sita ambayo nchi imepata Muungano, imepata Azimio la Arusha, na rais aliyeko madarakani amepata muda wa kurudi mezani kuipitia tafsiri yake upya na kumpa Mrumi jina linaloweza kuitwa na mtoto wa shule Sumbawanga. Ukiwa na moja tu hilo hulioni, ukiziweka pamoja kwenye goti linakurukia. Nilizichukua zote mbili kwa buku nane. (Na hapa wadau naomba niulize, hivi kuna lugha nyingine duniani ambayo buku ni kitabu cha Kizungu na pia ni shilingi elfu? Buku moja kwa buku nne. Mie huwa nacheka peke yangu.)

Mfano wa pili ni Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohammed Said Abdulla, yule wa Bwana Msa. Wote tunakijua kama hadithi ya upelelezi, shule tumesoma, sawa. Lakini tafuta nakala ya zamani uone imepitia mlango gani: hadithi ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kitabu kikatoka 1960. Hiyo Bureau ilianzishwa 1948 na serikali za kikoloni, makao yake Nairobi, kazi yake ni kuwapa "wenyeji" vitu vya kusoma, nao ndio waliokuwa wanaamua hadithi gani inafaa. Halafu Mzanzibari mmoja anaingia kwenye mlango huo huo na mpelelezi mwenye kiko na akili kama wembe, wala hamuombi Mzungu ruhusa ya kufikiri. Nakala niliyoikuta ina muhuri wa maktaba ya mji mmoja kanda ya ziwa, na kile kikaratasi cha nyuma kimejaa tarehe mpaka wameongeza kingine juu yake, mwezi mmoja kimeazimwa mara nne. Watu wanasema Waafrika hawasomi, njooni niwaonyeshe kikaratasi.

Halafu riwaya pendwa. Hizi mzee anazo nyingi, boksi zima, wapelelezi kama Willy Gamba wa mwandishi Musiba na Joram Kiango wa mwandishi Mtobwa, na zingine ambazo jalada limeshapotea hata jina hujui mpaka usome kurasa kumi. Maprofesa walikuwa wanazidharau sana hizi, lakini kama unataka kujua watu walisoma nini bila kulazimishwa na mtihani, ni hapa. Karatasi yake ni ile ya kahawia, inavunjika ukiikunja, maana miaka ile baada ya vita ya Kagera pesa za kigeni hakuna, karatasi hakuna, hata daftari la shule lilikuwa la kutafuta, na bado hizi zilitoka na zikauzwa. Waandishi wengine walijifungulia kampuni zao wenyewe, Mtobwa na Heko yake, yaani mwandishi ndo mchapishaji ndo msambazaji, lile duara la Darnton lote limekaa ndani ya mtu mmoja. Nina moja imeandikwa ndani ya jalada kwa peni ya bluu majina kumi na mbili, kila jina na tarehe yake, miandiko tofauti, na chini kabisa mtu kaandika kwa herufi kubwa ANAYEFUATA ASIKUNJE KURASA. Aliyefuata alikunja. Niliitoa buku mbili, nisingeiuza hata kwa hamsini.

Kuna kitu kingine kidogo kilinigusa, vile vijitabu vya elimu ya watu wazima vya miaka ya sabini. Ile kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu kama milioni mbili wamekaa kwenye vikundi vijijini, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, wanajadili malaria na kuhara, halafu wanatoka wanaenda kuchimba vyoo. Wakati huo serikali inafundisha watu wazima kusoma kwa mamilioni, 1975 wakapima wakasema asilimia 61 wanajua kusoma na kuandika. Hivi vijitabu kila mtu alivitupa maana ni vya serikali na vimechoka, na ndo maana sasa vimekuwa adimu kuliko vitabu vya maana. Mzee huwa anavitumia kupandishia mguu wa meza usiyumbe. Nimeshamkomboa viwili kutoka chini ya mguu, sasa ameweka tofali.

Upande wa kulia, boksi la mwisho chini, kuna vitabu vya dini vya herufi za Kiarabu. Wateja wengi wanaruka hapo, ila mie nawashauri msiruke. Tumezoea kuambiwa kitabu pwani ya Waswahili kililetwa na wamishenari. Waliyoyafanya ni makubwa sikatai, mmishenari Mwingereza Edward Steere alifika Unguja 1864, akaweka mtambo, vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, na Kiswahili cha shule tulichonacho kimepita kwenye vidole vyao. Lakini Waswahili walikuwa wanaandika na kunakili kwa herufi za Kiarabu zamani zile, Utenzi wa Tambuka kuna nakala yake ya mwaka 1728 ipo Ujerumani. Na Sultan Barghash naye akawa na mtambo wake Unguja wa kuchapa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi. Kwenye hilo boksi unakuta maulidi na kasida zimepigwa chapa Bombay, zingine Kairo kwa Mustafa al-Babi al-Halabi, na pembeni mwalimu wa madrasa kaandika maana ya maneno kwa Kiswahili kwa herufi zile zile. Yaani wakati huku tunagombana nani alileta kitabu, meli za Bombay na Misri zilikuwa zinashusha vitabu bandarini na watu wanasoma.

Basi. Sifa zimetosha, twende kwenye ile nyota niliyokata.

Mwaka juzi nilipata pale Pambo la Lugha ya Shaaban Robert, chapa ya 1947. Mnaelewa nikisema 1947? Hiki kitabu hakikuchapwa Dar wala Nairobi wala London, kilitolewa Johannesburg na Witwatersrand University Press, chuo cha Afrika Kusini hicho, kwa sababu kule walikuwa na mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika, na diwani ya mshairi Muyaka wa Mombasa nayo ilitokea huko huko mwaka 1940. Mtu wa Tanga anaandika shairi, linavuka mpaka chini kabisa ya Afrika kupigwa chapa, kisha linarudi kwa meli kuuzwa kwa Waswahili. Nakala yangu ilikuwa imechoka, mgongo umeachia, uzi unaning'inia, ila pembeni mwa kila shairi kulikuwa na penseli ndogo ndogo, msomaji wa zamani kapiga mistari chini ya maneno magumu na kuandika maana, sehemu nyingine kabishana na mshairi, sehemu moja kaandika tu "kweli bwana".

Mzee akaniambia mpe fundi wangu akubaindie, yupo hapo nyuma, buku tano tu. Nikampa. Kosa langu, mkutubi mzima.

Niliporudi baada ya siku tatu nikakabidhiwa kitu kama Katiba ya chama cha ushirika. Jalada la reksini nyekundu, gundi imeingia mpaka ndani ya kurasa ukifungua kinalia kwaa, na kingo zote tatu amezipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi ili ziwe sawa. Zikawa sawa kweli! Na ile penseli ya pembeni imekatwa katikati, nusu ya neno ipo nusu imeenda na takataka, "kweli bwana" imebaki "kweli bw". Jalada la mwanzo nikauliza liko wapi, limetupwa. Ule ukurasa wa mbele wenye jina la mwenyewe na bei, umetupwa, ulikuwa umechafuka. Halafu juu ya reksini, kwa herufi za dhahabu, kaandika PAMBO LA LUGA.

Nilikaa chini karibu na lile tofali la mguu wa meza nikanyamaza. Mzee akaja akakishika, akakigeuza, akasema, "Si kimekuwa kipya lakini?" Nikamwambia mzee wangu, kipya ndo tatizo. Akanirudishia buku tano yangu, sikuiomba, na tangu siku ile nikifika ananiangalia kwanza nimekasirika au la ndo anaitikia shikamoo yangu.

Simlaumu fundi sana, kwa mwanafunzi anayebaindi tasnifu yake yule ni fundi mzuri tu, imara, tarehe anayokuambia ndo hiyo hiyo. Shida ni kumpa kitabu cha zamani. Kama kitabu chako kimeachia mgongo, kifunge na utepe wa pamba, kiweke kwenye bahasha ya kaki, kiache. Ukilazimika kushona, tafuta mtu anayeshona kwa uzi na sindano kwenye matundu yale yale ya zamani, mwambie asikate kingo, asibandike selotepu (selotepu ni adui, ikizeeka inaacha doa la njano halitoki milele), na kila kipande kinachodondoka akuwekee kwenye bahasha hata kama kwake ni takataka. Hasa kama kwake ni takataka.

La pili la kuangalia pale, kuna meza ya jirani imegusana na ya mzee, na wateja wapya wanachanganya. Hiyo jirani inauza vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na nne ambavyo ni kopi za wizi. Utavijua tu, picha ya jalada imefifia kama imepigwa kwenye mvua, maandishi ya mgongoni yamekwenda upande, ndani ukurasa mmoja umepinda na mwingine unarudiwa mara mbili, na harufu ya wino wa fotokopi. Bei nusu. Najua hali ngumu, mzazi ana watoto watatu, simsemi mtu. Ila sheria ya hakimiliki tunayoitumia ni ya 1999 na mwandishi wa kile kitabu hapati hata senti hapo. Na kama mnataka vipya halali vya waandishi wetu, duka la TPH (Tanzania Publishing House) lipo Samora hapo hapo, dakika chache kwa mguu, kuingia na kupekua hawakufukuzi.

Mambo ya kawaida sasa. Mzee anafungua kama saa tatu asubuhi, saa kumi na moja anaanza kufunga, Jumapili hayupo, mvua ikinyesha usijisumbue. Bei ni buku mbili mpaka buku kumi na tano, vya Kiingereza ni ghali kuliko vya Kiswahili hata kama cha Kiswahili ni adimu mara mia, hiyo ndo nafasi yenu na tafadhali msimwambie. Punguzo lipo ukiongea vizuri, ukianza kwa kukiponda kitabu hapunguzi hata mia. Lipa namba anayo, risiti hana. Ukimwachia oda anaandika kwenye daftari lake na kweli anapiga simu, mie kaniletea vitabu vitatu kwa staili hiyo. Vingi anavipata kwenye karatasi za kilo, watu wakifiwa, baada ya arobaini familia inagawana nyumba na mashamba, vitabu vya marehemu vinapimwa kwa mzani vikafungie karanga, na yeye anawahi pale kwa muuza karatasi kabla ya wauza karanga hawajafika. Maboksi mengi hayafiki kwake. Anasema kwa kila boksi analookoa yanapita kama matano.

Juzi Alhamisi amenipigia. Kuna boksi limetoka Muheza, la mwalimu mstaafu aliyefariki, limefungwa kamba ya katani, zito, anahisi kuna magazeti ya zamani ya Kikristo ndani. Muheza ndo kule kwenye misheni ya Waanglikana ya Magila, walikuwa wanachapa gazeti lao la Habari za Mwezi kule kule miaka ya 1890. Sitaki kujipa matumaini, inawezekana ni kalenda na vitabu vya nyimbo tu. Nimemwambia asikate kamba mpaka nifike Jumamosi, na siku hiyo fundi ampe likizo.